Kona Yenye Ilikataa Jina Yangu

«Kwa Mama Odeta, tulifika, mama. Teremuka pole, kuko mawe.»

Njo vile bamotari banasema kila asubui mbele ya lupango yangu, kiwanja yenye nyumba yangu. Moto, ile pikipiki yao, inafika, inakohoa, inazima, na ile sauti inaruka ukuta, inakuja kunikuta kwenye niko nachagua maharagi. Kuko mumoja anaisema haraka haraka kama mutu mwenye sufuria yake inaungua ku nyumba: «KwaMamaOdeta.» Kuko mwengine, kijana wa Butembo, anavuta mwisho yake: «Kwa Mama Odetaaa,» unasema anaita ngombe. Miye nabaiga bote. Nikibaiga, bajukuu banacheka mupaka banashika matumbo. Lakini hapa, chini ya titi ya kushoto, kuko kitu inanifinya. Ilianza kunifinya wakati nilikuwa na meno ya utoto. Sasa hata meno ya ukubwa imeniacha, na ile kitu ingali inanifinya.

Juu ya nini? Muangalie vizuri. Ile kona, miye njo niko nakaa pale. Miye, Konsolata. Mama Odeta haiko. Odeta haiko. Hata mwiko yao haiko. Mwenye alifika wa kwanza ni mama yangu. Na ile kona inaitwa Kwa Mama Odeta mupaka mu kinywa ya shefu wa kartye, mukubwa wa mutaa.

Miye kalasi sikuingiaka. Kusoma sijue, kuandika sijue, lakini masikio, Mungu alinipa. Sauti ikisha kuingia haitoke tena. Kwa hiyo bale benye nitabataja hapa, hata kama baliisha kufa zamani, mutabasikia bo benyewe.

Zamani Murara, hii kartye yetu ya Goma, ilikuwa mwisho ya ville, ya muji. Mukitaka kucheka, mucheke, lakini njo vile ilikuwaka. Leo Murara iko katikati. Unatembea unagonga mutu, unageuka kumuomba pole unagonga mwengine, na manyumba ya etaje, gorofa juu ya gorofa, inaangalia mu sahani yako ujue nini ulipika. Ile wakati ukisimama ku mulango yetu unaona ziwa huku, unaona mulima huku na moshi yake ku kichwa kama muzee mwenye kuvuta kiko, na kati yetu na mulima hakuna mutu. Ni mawe nyeusi, tumiti tufupi, na mbuzi za batu. Kule Majengo, kwenye leo batu bamejaa kama tusamaki twa sambaza mu kitunga, miye nilikuwa naenda kule kutafuta kuni, na naimba peke yangu ili nisiogope.

Kupata parselle, kipande ya udongo ya kujenga, haikukuwa kazi. Kazi ilikuwa mawe. Ile mawe yenye mulima ilitapika, inakata miguu kama kisu. Unaivunja na nyundo, unaiondoa, unaivunja tena, mupaka upate fasi ya kulala bila kutobolewa mugongo. Kila mutu mwenye alifika alianza vile. Sasa mawe ukisha kuitoa, unaifanya nini? Baba yangu hakuuliza mutu. Baba alikuwa mulimi wa Rutshuru, mutu wa maneno kidogo na mikono mukubwa. Alipanga jiwe juu ya jiwe, bila simenti, mupaka ukuta ikapita kichwa yake. Kisha akaweka mulango ya mbao na kufuli. Akasimama pale, mikono ku kiuno, akasema na ile sauti yake yenye kutoka chini ya tumbo: «Sasa tuko kwetu.»

Kisha, musimu ya mvua, njo Mama Odeta akafika. Alitoka mu milima ya Masisi, mujane, na Odeta nyuma yake, sawa na miye kwa urefu, amebeba ku kichwa kibuyu ya kusukia maziwa. Ngombe hawakukuwa nayo tena, lakini kibuyu balikuja nayo. Baba akabaonyesha kona yenye ilibaki, kando ya barabara. Mama Odeta alivunja mawe yake sawa batu bote, lakini ukuta hakujenga. Aliisukuma tu mupaka kando ya barabara, mukubwa mbele, mudogo nyuma, ikabaki pale kama viti kwenye hakuna karamu. Baba akapita, akaangalia, akashindwa kunyamaza.

«Mama Odeta, mawe inakungojea.»

Mama Odeta alikuwa na sauti nyembamba, ya pua, yenye kuimba kidogo. «Iache ipumzike, Baba Konsolata. Nayo ilitembea. Ilitoka kule juu.»

Baba akaja ku nyumba, akaambia mama kama ule mwanamuke hatajua kukaa mu ville.

Munajua vile iko kwetu. Mwanamuke akisha kuzaa, jina yake inaenda kulala, bote banamuita na jina ya mutoto wa kwanza. Na kona nayo, hakukuwa jina ya avenu, hakukuwa kibao, kona iliitwa na mama mwenye anakaa pale. Kwa hiyo mu kichwa yangu iliisha. Siye tulifika wa kwanza, miye ni mutoto wa kwanza, basi kona itaitwa Kwa Mama Konsolata, na mu ile jina miye niko ndani. Nilikuwa katoto, lakini nilikuwa tayari kuwa kartye.

Kamio, ile lori yenye tulijua, ilikuwa ya Papa Damiani. Ilitoka Rutshuru, inapita Kalengera, inapakia ndizi, makala, maharagi, na batu juu ya yote. Papa Damiani alikuwa na sauti kama ile kamio asubui mbele motere ipate moto. Alikuwa anasimama kidogo mwanzo ya ville ili batu bashushe mizigo. Na atasimama wapi? Mutu ametoka mbali, mugongo inamuuma, kitunga iko ku kichwa, anatafuta fasi ya kuiweka. Kwetu kulikuwa ukuta. Kwa Mama Odeta kulikuwa mawe ya kukaa. Na yeye mwenyewe alikuwa pale na chungu ya bushera, ile uji ya mutama, anamupa mutu kikombe, anamuuliza pole pole: «Umetoka wapi, mama? Mulipita wapi? Ule mutoto ni homa ao ni usingizi?» Mwenye hakukuwa na ndugu mu ville, alilala pale. Kesho yake Mama Odeta anamupeleka kuona fasi, anamukopesha nyundo.

Kamio ikasimama pale leo, ikasimama pale tena. Kisha siku moja nasikia Papa Damiani anapiga ku mulango ya kamio, paa paa, anasema: «Ba Kwa Mama Odeta, muteremuke.»

Kijiko ilikuwa mu kinywa yangu. Nikaisahau pale.

Batoto yangu, jina ikisha kutoka haishikwe tena. Ilifika ku soko. Ilifika ku ziwa kwenye tulichota maji. Ilifika mupaka kanisani. Katekista wetu alikuwa anaongea pua juu, kama mutu mwenye anasikia harufu ya chakula ya mbinguni: «Jumamosi, ba Kwa Mama Odeta batafagia kanisa.» Ba Kwa Mama Odeta. Na miye katikati yao, na ufagio mu mukono, nafagia kwa ajili ya jina ya mutu.

Odeta hakusema kitu. Njo ilinichoma zaidi. Kama angalijivuna ningalimutukana, tungalipigana, roho ingalitulia. Lakini alikuwa anapita tu na shingo yake ndefu, mutungi ya maji ku kichwa, anatembea kama mutu mwenye dunia inamuita. Na kweli ilikuwa inamuita. Batu benye hawajamuona hata siku moja, kule Rutshuru, balikuwa banasema jina yake. Jina yangu ilikuwa inatoka mu kinywa ya mama tu, na mara mingi ilitoka na fimbo nyuma.

Alafu mama mwenyewe akanimaliza. Tulikuwa ku ziwa, anasugua sufuria na muchanga. Mwanamuke mwengine akamuuliza kwenye anakaa. Mama, bila aibu, bila kuinua kichwa: «Tuko tunakaa Kwa Mama Odeta.»

Nilimuangalia kama mutu mwenye ameniuza.

Kwetu, mukubwa akikuita hausemi «nini». Unasema «karame», njo kumutakia ule mwenye amekuita maisha murefu. Ile siku mama aliniita njia yote kutoka ku ziwa, «Konso, we Konso,» na miye sikusema karame. Nilitaka maisha yake ifupike kidogo. Kidogo tu, mupaka mangaribi.

Nikaona heri niende kwa mwenye mambo. Papa Damiani alikuwa amelala chini ya kamio anatengeneza, miguu tu njo inaonekana. Nikaongea na ile miguu.

«Papa Damiani.»

«Nani?»

«Ni Konsolata. Ya Mama Konsolata. Siye njo tulifika wa kwanza.»

«Mulifika wapi?»

«Pale kwenye unasimama. Pale haiko Kwa Mama Odeta. Ni Kwa Mama Konsolata.»

Miguu ikakunjana kidogo. Kisha ile sauti ikatoka chini kule, na mafuta ndani yake: «Mutoto, jina yako iko murefu. Nikianza kuiita ku Murara nitaimaliza mu ziwa, na batu bote baloe.»

«Basi sema Konso.»

«Na mulango yenu, inafunguka?»

«Baba eko na ufunguo.»

«Eeh,» miguu ikasema. «Basi ende ulale na ufunguo yenu.»

Nikarudi ku nyumba nikiiga ile sauti yake njia muzima, na machozi inashuka. Kuiga mutu na kulia, nilijua kuifanya pamoja.

Mu ile musimu, dada ya Mama Odeta akazaa kule Kalengera. Mama Odeta akaenda kumusaidia, akaenda na Odeta. Papa Damiani akabapakia. Kona ikabaki na mawe yake, na kanyumba kamefungwa na kamba, na chungu imegeuzwa kichwa chini ku mulango. Nilimuaga Odeta na furaha yenye hakuelewa. Nilipungia ile kamio mukono mupaka mukono ikachoka.

Wakati kamio ilirudi, ilikuwa inanyesha ile mvua ya kwetu, yenye ikianguka juu ya mawe nyeusi yenye jua ilichoma, mawe inatoa moshi na harufu ya chuma. Niliisikia toka mbali. Nikapanda ku ukuta ya baba, miguu inateleza, nikasimama juu kabisa, nikaweka mikono ku kinywa, nikachukua sauti ya Papa Damiani yote, na kikohozi yake ndani.

«Ba Kwa Mama Konsolata, muteremuke.»

Benye balikuwa juu ya kamio balikuwa bamejifunika na majani ya ndizi, hawakuona kitu. Balisikia sauti, bakafikiri ni shofere. Bakaanza kuteremuka. Papa Damiani akatoa kichwa ku dirisha. Akaniangalia miye juu ya ukuta. Akaangalia mawe ya Mama Odeta, mvua inaipiga, hakuna mutu. Akaangalia mulango yetu. Akacheka mupaka ikakuwa kikohozi. Kisha akasogeza ile kamio mupaka mbele ya kufuli ya baba, paa paa: «Mama Konsolata, bageni bako.»

Baba akatoka na ufunguo mu mukono. Mbele yake, mu mvua: mwanaume na kitanda ya miti ku mugongo, bibi yake na tumbo mukubwa, batoto beko banashikana mashati, mbuzi yenye kukasirika, na mama muzee mwenye balimushusha kama gunia, pole pole, mumoja ku miguu, mwengine ku mabega. Ule mama muzee akaangalia baba yangu. Maji inatiririka ku pua yake. Akauliza na sauti ya mutu mwenye kumaliza safari: «Hapa njo Kwa Mama Konsolata?»

Baba yangu hakusikiaka siku moja mutu kutoka mbali anaita fasi yake. Nilimuona. Shingo yake ilirefuka kama ya Odeta. Akasema: «Njo hapa.» Na mulango ikafunguka yote. Kumbe bawaba yake ilikuwa inalia. Hatukuijua, juu haikufungukaka yote.

Siku za kwanza nilikuwa mufalme. Bale batoto balinifuata nyuma. Kamio ilipita tena, ikaleta bengine, na Papa Damiani, mutu wa muchezo ule, akaita yeye mwenyewe: «Kwa Mama Konsolata.» Ilichukua pumzi yake yote, lakini aliisema. Nilisikia ile jina inaenda ku barabara, inapanda mupaka ku tumiti kule kwenye mawe nyeusi, inarudi. Nilikuwa kartye.

Lakini kitanda. Mama muzee alilala mu kitanda yangu, na alikoroma kama mutu anakokota meza. Miye nikalala chini, ku mukeka, na bale batoto, na mumoja, sitamutaja, alikuwa muzuri muchana na usiku alikuwa mutungi yenye kutoboka. Maharagi yenye ilikuwa yetu ikawa ya bote, na mama alianza kupakua mbele kwa bageni. Ikifika kwangu, naona chini ya sufuria. Nilikuwa na fasi yangu ya jioni, kati ya magoti ya mama, ananisuka nywele. Sasa nikifika, nakuta kichwa ya mutu pale. Nangojea. Kichwa inatoka, kichwa ingine inaingia.

Kisha ule bibi mwenye tumbo akazaa. Alizaa mu nyumba yetu, mangaribi, na mama yangu njo alimupokea mutoto. Katoto-muke, keupe, na nywele mingi. Na bale batu, benye hawakukuwa na kitu ya kutoa shukrani, bakafikiri, bakaongea, bakakuja mbele ya baba na mama, na ule mama muzee akasema kama bameona jina ya kumupa.

Bakamuita Konsolata.

Baba alifurahi mupaka akatafuta kasiksi, ile pombe ya ndizi, ya kunywa. Miye nilitoka nikaenda kukaa ku mawe ya Mama Odeta, peke yangu, juu kwetu hakukuwa tena fasi ya kukasirika.

Asubui ingine nilikuwa inje nachambua mboga. Nikasikia mama ndani: «Konso. Konso yangu.» Ile sauti hakuniitaka nayo toka kamio ifike. Ile ya chini, yenye kuwa na asali. Niliacha mboga, nikakimbia, nikaruka mutoto mumoja ku mulango. «Karame, mama.»

Mama alikuwa ameinamia kale katoto. Hata hakugeuka.

«Haiko weye,» akasema. «Nyamaza, analala.»

Mutu anaweza kukaa na hii neno mupaka uzee. Haiko weye. Nimeiga sauti mingi mu maisha yangu. Ile sikuiigaka mbele ya mutu mupaka leo hii, na hata leo muone, naisema tu, siiige.

Kamio ya kufuata njo ilirudisha Mama Odeta na Odeta, na bageni bapya juu yake. Nikapanda tena ku ukuta. Batu baliniona, bakaanza kucheka mbele niseme, balijua sauti ya Papa Damiani itatoka. Haikutoka. Ilitoka yangu.

«Hapana huku. Huku kumejaa. Ni kule, Kwa Mama Odeta.»

Papa Damiani akafungua mulango, akaweka muguu moja chini. «Konsolata, na jina yako?»

«Iko na mutu mwengine.»

Hakucheka. Akazunguka, akarudisha kamio nyuma mupaka ku mawe. Mama Odeta alishuka na muzigo yake ku kichwa, muchovu, mavumbi mupaka mu nyusi. Akaona bageni banakaa ku mawe yake. Hakuweka hata muzigo chini. Akafungua kamba ya mulango, akageuza chungu, akaanza kupulizia moto. Odeta alisimama kando na akaniangalia miye juu ya ukuta, akaangalia mulango yetu yenye kufunguka, na batu ndani, na kale katoto ku mugongo ya mama yangu. Aliangalia murefu. Nikasema mu roho: ona, anajivuna, imerudi kwake.

Mama naye alikuwa ameisikia yote. Hakunipiga. Alikuja chini ya ukuta na ule Konso mwengine ku mugongo, akaniambia tu: «Ulitaka baite. Sasa banaita, unakimbia wapi?»

Sikujua kama anauliza miye ao katoto.

Bale batu bakapata parselle nyuma yetu. Mawe ya musingi ikakosa, na baba, mutu wa ukuta ule, akatoa jiwe ku ukuta yake akabapa. Alisema ni juu ukuta ilikuwa inaegemea vibaya. Bengine bakafika, akatoa ingine. Tena ilikuwa inaegemea. Ukuta ikashuka ku kifua, ikashuka ku kiuno, mwisho batu bakawa banakaa juu yake banapumzika. Hivyo njo kartye ilijaa. Balikuja ba Masisi, balikuja ba Rutshuru, balikuja ba Butembo na «wavukire» yao, ba Bukavu na «asinge» yao, kila mutu na salamu yake na nyundo ya kukopa. Murara ikajaa, batu bakapita mupaka kwenye nilitafuta kuni, ikawa Majengo, Majengo ikajaa, bakapanda kuelekea mulima. Na bote, ukibauliza balishukia wapi siku ya kwanza, munajua vile banajibu.

Hata mulima yenyewe haikuweza kufuta ile jina. Siku moja ilishuka na moto yake, ikapita mu ville, ikakula manyumba, ikakula na mawe ya kukaa, ikatuletea mawe ingine. Tulirudi chini ingali moto, viatu inanuka. Hatukujua tena barabara iko wapi. Ilikuwa uwanja nyeusi, yenye moshi. Mama Odeta aliishakufa zamani, Odeta aliolewa zamani kule Kalengera. Nikasema, sasa iliisha. Na kijana mumoja nyuma yangu, katoto kenye hakumuonaka Mama Odeta hata kivuli, akaonyesha na kidole: «Hapa njo ilikuwaka Kwa Mama Odeta.»

Nikalia sana. Batu bakanishika mabega, bakasema, pole, nyumba itajengwa. Bakafikiri nalilia nyumba.

Odeta alikuja siku ya kilio ya mama yangu. Tulikaa nyuma ya nyumba tunamenya birai, ile viazi, siye bawili na kisu moja moja, bamama banaimba kule mbele. Ili tusilie tu, nikaanza kumuchokoza. Nikamuambia: «Weye mwenye kona, menya na weye haraka, bageni bako bana njaa.»

Akacheka kidogo. Kisha akaacha kumenya.

«Konso, kona gani? Unajua miye nililala wapi mu utoto? Sikulalaka na mama. Kila siku kulikuwa mutu katikati. Mama muzee wa batu, mutoto wa batu. Mangaribi nilikuwa napanda ku mawe kuangalia baba yako anafunga mulango. Nasikia kufuli, tak. Nasema, ona Konso, eko ndani na mama yake, peke yao.» Akachukua kirai ingine. «Ile siku tulirudi toka Kalengera nikaona mulango yenu iko wazi na batu ndani, nikasema, leo anajua. Nikakungojea ushuke tuongee. Na weye ukabarudisha bote kwetu.»

Ile shingo ndefu, kumbe ilikuwa inarefuka ili ione juu ya ukuta yetu.

Na muniamini ao musiniamini, nilimuonea wivu tena, pale pale, na birai mu mukono. Juu alikuwa amenishinda hata mu wivu. Yangu ilikuwa ya jina. Yake ilikuwa ya mama.

Batu bangali banakuja. Munabaona nyinyi bote, hamuhitaji nibasimulie: matela ya kulalia imefungwa ku moto ya motari, mutoto katikati, sufuria inagongana nyuma. Mutu wa njia aliishabaambia, mukifika Goma mushukie Kwa Mama Odeta. Banashuka, banaona lupango ya kwanza, ni yangu. Zamani nilikuwa natoka kubafundisha: miye siko Mama Odeta, miye ni Konsolata, na siye tulifika wa kwanza. Banasikia na heshima yote, kisha banasema: «Aksanti, Mama Odeta.»

Juzi asubui mvua ilikuwa inanyesha na mawe inanuka chuma, Odeta akaniita ku telefone toka Kalengera. Anaanzaka kila mara na ile ile: «Konso, kwangu kukoje?»

«Kwako kumejaa,» nikamuambia. «Kuja uchukue bageni bako, nimechoka.»

Anacheka, na miye naangalia maharagi yangu, na pale inje moto ikafika, ikakohoa, ikazima. Nikasikia sufuria inagonga chini. Kisha sauti ya mwanamuke, ya mutu mwenye mvua inaingia mu shingo: «Hodi. Mama Odeta? Mama Odeta, tuko tunaomba.»

Odeta aliisikia mu telefone. Wakati aliongea, ilikuwa ile sauti nyembamba, ya pua, ya mama yake kabisa. Hata miye sijaiigaka vizuri vile.

«Konso,» akasema. «Ni weye banaita.»

Ile kitu ikanifinya mu kifua, fasi yake ya siku zote. Nikaweka maharagi chini. Nikatafuta sapatu, moja ilikuwa chini ya kiti. Na nikaitika na sauti kubwa, ya kwangu, bila kuiga mutu:

«Karame.»